Mwenye Kopo Ndiye Mwenye Bei

Debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo twaitumia kumkanya mtu mwenye maneno mengi na busara kidogo, lakini ni wachache kati yetu wanaojiuliza debe lenyewe lilitoka wapi hata likaingia katika maneno ya wahenga. Debe si mtungi, wala si kibuyu. Halikufinyangwa na mama yeyote wa Uluguru, wala halikuchongwa na fundi yeyote wa Pwani. Jina lake lina asili ya Kihindi, na chombo chenyewe kililetwa na meli kutoka nchi za mbali, kikiwa kimejaa mafuta ya taa. Makampuni ya mafuta ya ng'ambo yaliuza mali yao katika makopo ya bati ya pembe nne, kila moja likichukua galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 hivi. Mafuta yalipokwisha, kopo halikutupwa. Lilichotewa maji, likapimiwa mahindi, likachemshiwa pombe ya harusi, na lilipotoboka likafunuliwa na kupigiliwa juu ya paa. Mwisho likawa kipimo cha nchi nzima, na hata leo maharage na mpunga huuzwa kwa debe katika masoko yetu mengi. Vijana wanaoita abiria katika stendi ya Msamvu nao twawaita wapiga debe.

Tumeanza na debe kwa kuwa lafundisha jambo moja kubwa. Mtu aliyetengeneza chombo cha kufungia mali, ambaye si mkulima wala si mlaji, aliweza kuingia katika nyumba zetu, katika vipimo vyetu na hata katika methali zetu, na sisi tusimjue kwa jina. Biashara hiyo ya kufunga mali na kuibandika jina ni mojawapo ya biashara kubwa za dunia. Twapenda leo kueleza habari zake kwa kutazama kampuni moja iliyofika mpaka kwetu, kisha tuone yamhusu nini mfanyakazi wa Mzinga na mkulima aliye juu ya milima ya Uluguru.

KOPO LILIVYOZALIWA

Kopo la chakula ni mtoto wa vita. Serikali ya Ufaransa, iliyokuwa na majeshi mengi vitani, ilitaka chakula kisichooza njiani. Mwaka 1810 Nicolas Appert alipewa tuzo ya faranga 12,000 kwa kuonyesha kwamba chakula kikitiwa katika chupa, kikazibwa vizuri na kuchemshwa, hukaa siku nyingi bila kuharibika. Mwaka huohuo, huko Uingereza, Peter Durand alipata hati ya kufanya hivyo kwa vyombo vya bati. Ilipofika 1813, kiwanda cha Bryan Donkin na wenzake, mjini London, kilikuwa kikitengeneza nyama ya makopo kwa ajili ya askari na mabaharia wa Kiingereza.

Lakini makopo yote hufanana. Mnunuzi atajuaje kilichomo ndani, na ni cha nani? Mwanzo walibandika karatasi kwa gundi. Karatasi ikalowa, ikachanika, ikaanguka. Mwaka 1875 Robert Barclay wa London alipata hati ya mtambo wa kupiga chapa juu ya bati. Mashine za siku zile zilichapa kwa jiwe, na jiwe halikuweza kuchapa vema juu ya chuma kigumu. Barclay alifanya picha ichapwe kwanza juu ya gurudumu lililovikwa karatasi ngumu, kisha gurudumu hilo likaihamishia picha kwenye bati. Tangu hapo mikebe ya biskuti na ya chai ikawa na maua, wanyama na wafalme wa rangi zote. Kopo likaacha kuwa chombo tu, likawa na sauti yake. Likamwambia mnunuzi: nichukue mimi, mwache yule.

Mwaka 1921 baadhi ya viwanda vya Kiingereza vya mikebe, kikiwamo cha Hudson Scott cha Carlisle, viliungana, na mwaka uliofuata muungano huo ukachukua jina la Metal Box and Printing Industries. Yafaa tulitazame jina hilo. Lina mkebe, na lina uchapaji. Wenye kampuni walikwisha kutambua kwamba chombo na jina lililoandikwa juu yake ni biashara moja. Miaka michache baadaye kampuni kubwa ya Kimarekani, American Can, ilipoanza kuingia Uingereza, kiongozi wa Metal Box, Robert Barlow, alikwenda Marekani mwaka 1930 akafanya mapatano na mshindani wa kampuni hiyo, Continental Can, ili apate mashine na maarifa yao. Kwa mapatano hayo Metal Box ikasimama imara nyumbani, kisha ikatandaa katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza: Bara Hindi, Afrika Kusini, Nigeria, Kenya na Tanganyika.

Haikufika huku kwa bahati. Palipokuwa na nanasi, nyama, bia au rangi ya kuuza, palihitajiwa kopo au kifuniko. Mwenye shamba aweza kuwa na nanasi elfu kumi, lakini asipopata kopo siku ya mavuno, nanasi zote zaoza. Mwenye kopo hana haraka hiyo. Bati haliozi. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, na ndiyo maana twasema kwamba mwenye kopo ndiye mwenye bei.

FEBRUARI 1967

Azimio la Arusha lilipotangazwa mwezi Februari 1967, serikali ilichukua mabenki, na baada ya mabenki ikataja kampuni saba za viwanda ambazo ingechukua sehemu ya hisa zake. Wengi hukumbuka viwanda vya bia, vya sigara, vya viatu vya Bata na vya saruji. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika orodha hiyo ya saba ilikuwamo Tanganyika Metal Box. Jambo hili si dogo. Kampuni ya kutengeneza makopo iliwekwa katika safu moja na kampuni za bia na saruji. Waliotunga orodha ile walitambua kwamba taifa litakalotaka kusindika mazao yake haliwezi kuwaachia wengine peke yao chombo cha kuyatilia.

Lakini yatupasa kusema kweli yote. Hisa si maarifa. Katika viwanda vingi vilivyoingia mikononi mwa umma, Shirika la Maendeleo la Taifa lilikuwa na hisa, na wenyeji wa zamani wakaendelea kuviendesha kwa mikataba. Bamba la kutengenezea makopo, lile la chuma chembamba lililopakwa madini ya bati lisishike kutu, lilitoka ng'ambo. Wino wa kuchapia ulitoka ng'ambo, na vipuri vya mashine vilitoka ng'ambo. Na tazama ajabu hii: huko Kyerwa, mkoani Kagera, madini ya bati yalichimbwa tangu enzi za Waingereza. Yalichimbuliwa kwa jasho letu, yakasafirishwa yakiwa mawe, na sisi tukaagiza makopo yaliyopakwa madini ya namna hiyohiyo. Fedha za kigeni zilipoadimika katika miaka ya 1980, viwanda vingi nchini vilisimama, ingawa wafanyakazi walikuwapo na mikono yao ilikuwa mizima. Kilichokosekana ni kile ambacho hatukuwa tumejifunza kukitengeneza wenyewe. Katika miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yakauzwa kwa watu binafsi.

Wala mtu asidhani kwamba wakubwa wa ng'ambo walibaki walivyokuwa. Mwaka 1989 shughuli za makopo za Metal Box ziliunganishwa na kampuni ya Kifaransa iitwayo Carnaud. Mwaka 1996 kampuni hiyo ya muungano ikanunuliwa na Crown Cork & Seal ya Marekani. Nayo Crown ilianza na kitu kidogo sana: kifuniko cha soda, kilichobuniwa na William Painter wa Baltimore mwaka 1892. Ndugu msomaji, ukinunua soda leo, hesabu meno ya kifuniko chake. Utakuta 21. Mwanzoni yalikuwa 24. Ukihesabu meno hayo huko Baltimore au hapa Morogoro, idadi ni ileile. Mtu aliyebuni kijibati kisichozidi upana wa vidole viwili aliwafanya watengenezaji wa vinywaji wa dunia nzima wafuate kipimo chake, na mwishowe kampuni yake ikaimeza ile iliyokuwa simba wa makopo wa Uingereza.

GUNIA NA LUMBESA

Sasa na tutazame hapa kwetu. Mkulima wa Uluguru hana haja kubwa ya makopo. Chombo chake ni tenga na gunia. Historia ya gunia nayo yafanana na ya kopo. Mwaka 1855 kiwanda cha kwanza cha kusokota juti kwa mashine huko Bengali kilifunguliwa Rishra, karibu na Kalkuta, na kwa miaka mingi magunia ya huko yalibeba mazao ya nusu ya dunia, yakiwamo ya kwetu. Na sisi je? Tangu 1893, Dakta Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge huko Tanga, nchi hii ilipanda nyuzi. Mashamba ya mkonge yalitandaa mpaka Tungi, Kingolwira na Kimamba. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna tani 230,000 hivi za mkonge. Sehemu kubwa sana ya nyuzi hizo ilipakiwa melini ikiwa ghafi, huku korosho na kahawa yetu ikitiwa katika juti ya watu wengine. Kisha zikaja kamba na magunia ya plastiki, bei ya mkonge ikaanguka, na maelfu ya vibarua wakapoteza kazi.

Lakini ubaya mkubwa wa gunia hauko katika nyuzi zake. Uko katika kimo chake. Kila mtu aliyesimama katika soko la mazao alijua neno lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezwa juu yake kilemba cha wavu au cha kamba, na mzigo wote ukahesabiwa kuwa gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, yasema wazi kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo yupo kwa ajili ya kuisimamia sheria hiyo. Na tufanye hesabu ndogo. Gunia likijazwa mpaka kilo 130, mkulima mwenye magunia kumi ametoa bure kilo 300. Amelima, amepalilia, amevuna na kushusha kutoka mlimani magunia matatu mazima ambayo hakulipwa hata senti. Hakunyang'anywa kwa bunduki. Amenyang'anywa kwa sindano ya kushonea gunia.

Wala si mkulima peke yake anayeumia. Kuna kuli anayelibeba gunia hilo mgongoni. Shirika la Kazi Duniani, katika mwaka huohuo wa 1967, lilipendekeza kwamba mwanamume asibebeshwe kwa mkono zaidi ya kilo 55. Lumbesa ni mara mbili ya kipimo hicho na ziada. Kijana wa miaka 25 akiifanya kazi hiyo kila siku, uti wa mgongo wake huzeeka kabla ya nywele zake. Hivyo gunia moja laibia watu wawili: mmoja mazao yake, na mwingine afya yake.

ASALI NDANI YA CHUPA YA MWENZIWE

Jina la Mzinga latukumbusha asali. Tazama jinsi asali inavyouzwa kando ya barabara kuu: imetiwa katika chupa kuukuu ya pombe kali, na mara nyingine karatasi ya pombe ingali imebandikwa. Mwenye asali amefuga nyuki, amepanda mti usiku, ameumwa na kuvumilia moshi. Na siku ya kuuza, chupa yalitangaza jina la mtengeneza pombe. Mnunuzi hajui asali ni ya nani, ya mwaka gani, wala kama imechanganywa na maji ya sukari. Kwa kuwa hajui, hutaja bei ndogo. Si kwamba anamdharau mfuga nyuki. Anajikinga na hasara.

Mdalasini, karafuu na pilipili manga za Kinole na Tawa hushuka vivyo hivyo, ndani ya mfuko usio na jina. Kabichi na karoti za Mgeta huingia katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, kisha hufika Dar es Salaam, na mlaji hajui kwamba zatoka mlima gani. Mtu mwingine akizitia katika pakiti safi na kuandika jina lake, faida ya jina hilo ni yake. Hatumlaumu, kwani amefanya kazi iliyokuwa imeachwa bila mwenyewe.

Jina lililobandikwa lina uzito katika biashara ya leo kuliko wakati wowote. Ile mistari myeusi iitwayo msimbomilia huanza na tarakimu zinazoonyesha kampuni imeandikishwa nchi gani. Za Tanzania ni 620. Kabla ya shirika la GS1 Tanzania kuanzishwa mwaka 2011, bidhaa kadhaa za nchi hii zilisafiri zikiwa na namba za nchi nyingine, kama mtoto aliyeandikishwa shule kwa jina la jirani. Mwanzoni mwa 2019 serikali nayo ilianza kutumia stempu za ushuru za elektroniki, kuanzia na bia, pombe kali na sigara, na kampuni iliyopewa kazi hiyo ilikuwa SICPA ya Uswisi. Kikaratasi kidogo kuliko kucha kimekuwa mlinzi wa hazina ya taifa. Nani basi atasema kwamba lebo ni urembo tu?

Kuna watakaosema kwamba mambo haya ni ya matajiri, kwamba mkulima mdogo hawezi kununua chupa mpya na kuchapisha lebo. Hoja hiyo ina ukweli, nasi hatuipuuzi. Mwenye mtambo wa kuchapa hapendi kuchapa lebo mia mbili. Ataka elfu kumi. Mwenye kiwanda cha chupa hauzi chupa thelathini. Tena chupa yenye lebo hungoja mnunuzi wake, na ada ya shule haingoji. Lakini twajua pia habari za Stanton Avery wa Los Angeles. Mwaka 1935 alikopeshwa dola 100 na mchumba wake, akaunda mashine kwa mota ya mashine ya kufulia na vipande vya cherehani, akaanza kutengeneza lebo zinazojinata zenyewe bila kulowekwa. Kampuni iliyotoka katika mashine hiyo, Avery Dennison, leo ina viwanda katika nchi nyingi za dunia. Naye hakuanza na elfu kumi. Na pale ambapo mtu mmoja hawezi, watu mia waweza. Chama cha ushirika cha wafuga nyuki mia chaweza kuagiza chupa elfu tano, na hiyo ndiyo maana ya ushirika.

YATUPASA NINI

Kwanza, mizani. Katika kila kituo cha kununulia mazao iwekwe mizani iliyokaguliwa, na mazao yauzwe kwa kilo, si kwa gunia. Ushirika unaomruhusu mnunuzi kushona kilemba juu ya gunia umeisaliti kazi yake. Mkulima naye akatae. Akikataa mmoja, mnunuzi huenda kwa jirani. Wakikataa wote, mnunuzi atanunua kwa kilo.

Pili, vyama vya ushirika vinunue vifungashio kwa pamoja na mapema, kama vinavyonunua mbolea. Anayetafuta magunia siku ya mavuno hulipa bei yoyote anayotajiwa.

Tatu, tufunge kwa nyuzi na karatasi zetu. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Watu walilalamika, kisha wakazoea. Marufuku hiyo ilifungua mlango kwa mafundi wa mifuko ya karatasi na ya nguo. Huko Mgololo, Mufindi, kilijengwa kiwanda cha karatasi katika miaka ya 1980, na misitu ya misonobari ipo. Mkonge nao ungali unaota. Isiwe tumeitoa plastiki ya wageni ili tuagize karatasi ya wageni.

Nne, lebo iseme kweli, na iseme kwa Kiswahili. Iandike jina la aliyetengeneza, mahali, uzito halisi, vilivyomo na siku ya mwisho ya kutumika. Shirika la Viwango na SIDO wana kazi ya kuwafundisha watengenezaji wadogo, nao watengenezaji wana wajibu wa kwenda kujifunza. Pakiti nzuri haigeuzi mali mbovu kuwa njema. Anayeandika gramu 500 akatia 450 ni ndugu wa mwenye lumbesa; tofauti yao ni kwamba mmoja huzidisha na mwingine hupunguza.

Tano, wafanyakazi wa viwanda vya vifungashio wasisahauliwe. Kisu cha kukatia bati hakimjui kidole cha mtu, na mvuke wa wino hauonekani ukiingia kifuani. Vyama vya wafanyakazi vidai vikinga vya mashine, glavu na madirisha ya kupitisha hewa, na vidai vilevile mafunzo ya ufundi. Tulikwisha kuona kwamba hisa bila maarifa hazikuviwezesha viwanda kusimama. Fundi mmoja anayejua kuitengeneza mashine ya kuchapa ana thamani kwa nchi kuliko mashine kumi zinazomngoja fundi wa kigeni.

Hatusemi kwamba Mzinga igeuke kuwa Carlisle au Baltimore. Twasema kwamba mali inayotoka katika milima hii ina wenyewe, na wenyewe wana majina. Msimu ujao wa mavuno u karibu. Mkulima ashuke na mazao yake yakiwa yamepimwa na yameandikwa jina, na katibu wa ushirika wake awe ameifikisha mizani sokoni kabla mnunuzi hajafika na sindano yake.